Jinsi ya Kuibana Serikali ya Kaunti Yako: Mwongozo wa Mpiga Kura Asiyetaka Kungoja 2027

Wakenya wengi hukutana na serikali ya kaunti mara mbili tu: siku ya kupiga kura, na siku wanapoambiwa zahanati haina dawa. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka mitano ya makaratasi. Ndani ya makaratasi hayo mradi wako hupitishwa, hukatwa, hulipiwa ama huhamishiwa kwa wengine, na mara nyingi unapokuja kulalamika uamuzi umeshakauka wino.

Pesa zenyewe si kidogo. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti 47 zilitengewa mgao wa shilingi bilioni 415, bila kuhesabu ushuru na ada zinazokusanya zenyewe. Mwongozo huu unafuata mradi mmoja wa mfano, zahanati ya kijijini, kutoka siku unapoandikwa kwenye mpango hadi siku ya kupiga kura. Ukiuelewa huo, barabara, kisima na soko vinafuata njia ile ile.

Hatua ya 1: Jua mzigo ni wa nani

Malalamiko mengi hufa kwa kupelekwa mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Kaunti inashughulikia zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, maji, masoko, taka, taa za mitaani, kilimo na leseni za vileo. Shule za msingi na za upili, polisi, vitambulisho na barabara kuu ni za serikali kuu. Chifu naye ni wa serikali kuu. Ukimlilia kuhusu dawa za zahanati atakusikiliza kwa heshima, na basi. Mwenzake upande wa kaunti ni msimamizi wa wadi, ambaye watu wengi hata ofisi yake hawaijui. Ile hazina ya NG-CDF inayojenga madarasa inafuata eneo bunge na haimo kwenye bajeti ya gavana.

Ndani ya kaunti yenyewe, tofautisha watu watatu. Gavana na mawaziri wake wa kaunti huamua sera. Mwakilishi wadi, yule tunayemwita MCA, hapaswi kukujengea kitu. Kazi yake kwa mujibu wa Kifungu cha 185 ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya gavana. Wa tatu ndiye anayesahaulika: afisa mkuu wa idara. Huyu ndiye mwenye dhamana ya kisheria juu ya fedha za idara, na ndiye anayehojiwa hesabu zisipolingana. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema afisa wa umma akiidhinisha matumizi ya fedha kinyume cha sheria, hasara ni yake binafsi, awe bado ofisini ama ameshaondoka. Barua yako ikiandikiwa yeye kwa cheo chake inasomwa kwa jicho lingine kabisa kuliko ile inayoanza "Mheshimiwa Gavana, sisi wananchi wako tunateseka."

Hatua ya 2: Shika mradi mmoja

Usiende kuuliza "pesa zetu zinaenda wapi." Swali hilo lina jibu la hotuba, na wanasiasa wanayo tayari. Uliza kuhusu zahanati moja, katika wadi moja, mwaka mmoja wa fedha. Swali jembamba halina pa kukwepea.

Tafuta watu watano au sita wa kusaidiana nawe. Wakiwemo mtu wa chama cha akina mama, fundi mmoja anayejua bei ya simiti na mabati, na kijana mwenye simu nzuri na subira ya kusoma faili za kurasa mia tatu, mmeshakamilika. Msichaguane kwa chama cha siasa. Kundi likijulikana kuwa la mrengo fulani, kila swali lenu litajibiwa kwa "hao wametumwa."

Hatua ya 3: Fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti zote zinafuata. Ziandike ukutani.

Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ule unaoitwa ADP, unafika bunge la kaunti. Hapa ndipo zahanati yako inapoingia ama inapoachwa. Kikao cha ADP huwa na watu wachache, na ndicho chenye nafasi kubwa kuliko vyote, kwa sababu bado hakuna aliyegawa pesa.

Septemba 30: kaunti inatoa tathmini ya mwaka uliopita, CBROP, inayoonyesha ilivyopanga na ilivyotumia kweli.

Februari 28: waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, unafika bungeni. Unaweka kiwango cha juu cha kila idara. Afya ikipunguziwa hapa, huwezi kuirudishia zahanati yako mwezi wa sita bila kunyang'anya barabara ya mtu mwingine.

Aprili 30: makadirio ya bajeti yanawasilishwa. Huu ndio wakati wa matangazo redioni na mahema, na watu hujaa wakidhani wamewahi.

Juni 30: bajeti inapaswa kuwa imepitishwa.

Sasa, kuna tarehe moja ambayo haimo kwenye orodha hiyo, na ndiyo inayoua miradi mingi: bajeti ya ziada. Sheria inairuhusu kaunti kurekebisha bajeti katikati ya mwaka, kwa mfano mapato yakipungua. Ndipo zahanati iliyopigiwa makofi mwezi wa sita inapokatwa sehemu, au kufutwa, na fedha zikahamia kwingine. Hakuna hema, hakuna redio. Kuanzia Desemba, piga simu ama tembelea ofisi ya karani wa bunge la kaunti kila mwezi na uulize swali moja: je, kuna bajeti ya ziada iliyowasilishwa? Ukipata nakala, iweke kando ya bajeti ya Juni na usome mstari wa mradi wako kwa kidole. Jina la mradi likibadilika kutoka "ujenzi wa zahanati ya kijiji fulani" kuwa "ujenzi wa vituo vya afya, wadi mbalimbali", shtuka. Mradi usio na jina la mahali hauna mwenye kuudai.

Juu ya hayo yote kuna mpango wa miaka mitano, CIDP. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiomo humo una safari ndefu ya kuingia ADP, kwa hiyo anza kwa kuangalia kama zahanati yako imetajwa.

Hatua ya 4: Nenda kikaoni ukiwa na karatasi

Ushirikishwaji wa umma si hisani. Kifungu cha 196 kinalilazimu bunge la kaunti kufanya kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Odunga, ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alisema haitoshi kutupa ujumbe kwenye Twitter na kuwaachia wanaojali wautafute wenyewe. Alitaja mahali ambapo watu wapo kweli: makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza na redio za lugha za mama. Kaunti yako ikitangaza kikao kwenye gazeti moja siku mbili kabla, hiyo ndiyo kesi ya kuwakumbusha, kwa adabu na kwa maandishi.

Kwenye kikao chenyewe utapewa dakika mbili, pengine baada ya saa mbili za itifaki na utambulisho wa waheshimiwa. Wengi waliofika watakuwa wanangoja soda na nauli, wala si vibaya, ila usitegemee makofi yao. Dakika zako mbili zitumie hivi: taja jina na kijiji chako, taja ukurasa wa mradi kwenye waraka unaojadiliwa, sema badiliko unalotaka, sema pesa zitoke mstari upi. Mfano: "Ukurasa wa 84, zahanati yetu imetengewa milioni mbili za ua. Jengo halina choo wala maji. Tunaomba milioni moja ya ua ihamie tangi na choo." Sentensi ya mwisho ndiyo inayokutenga na wengine mia wanaoomba tu.

Kisha kabidhi maoni hayo hayo yakiwa yameandikwa na kusainiwa. Yaliyosemwa kwa mdomo hutegemea uchovu wa anayeandika kumbukumbu. Yaliyoandikwa lazima yahifadhiwe, na baadaye unaweza kudai kuonyeshwa yalivyoshughulikiwa.

Kuna pia jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, CBEF, lililowekwa na Sheria hiyo ya 2012. Wanakaa humo gavana, mawaziri wa kaunti, na idadi sawa ya wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, makundi ya dini na wengineo. Uliza ni nani anayewakilisha kundi lako. Mara nyingi mwenyewe hushangaa kuulizwa.

Hatua ya 5: Andika barua ya kuomba habari

Silaha hii ni ya bei rahisi na haitumiki vya kutosha. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeweka utaratibu. Unaandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Huhitaji kueleza sababu. Kuwasilisha ombi ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 21, na wanaweza kujiongezea mara moja, si zaidi ya siku 14. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.

Barua yenyewe iwe fupi:

*Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, Serikali ya Kaunti ya ……*
*Nakala: Afisa Mkuu, Idara ya Afya*

*KUH: OMBI LA HABARI, ZAHANATI YA ……, WADI YA ……*

*Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho nambari …… Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za hati hizi:*
*1. Mkataba wa ujenzi wa zahanati iliyotajwa, pamoja na orodha ya kazi na bei zake (BQ).*
*2. Vyeti vyote vya malipo aliyolipwa mkandarasi hadi tarehe ya barua hii.*
*3. Ripoti ya ukaguzi na upokeaji wa kazi, kama ipo.*

*Naomba nijibiwe ndani ya siku 21 kupitia anwani iliyo hapa chini.*

Omba hati, usiombe maelezo. "Kwa nini zahanati haijaisha?" italeta aya nne za pole na changamoto. "Naomba vyeti vya malipo" inaleta vyeti, au inaleta kimya, na kimya nacho kina dawa yake. Chapisha nakala mbili, zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, moja ubaki nayo. Bila muhuri huo hujawahi kuandika barua. Siku zikipita bila jibu, au ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, inayojulikana na wengi kama Ofisi ya Ombudsman, ukiambatisha nakala yako yenye muhuri.

Hatua ya 6: Nenda mahali pa mradi

Ukishapata ile BQ, mchukue fundi wenu mwende uwanjani. BQ inasema mabati ya geji gani, milango mingapi, tangi la lita ngapi. Hesabuni, pimeni, pigeni picha zenye tarehe. Msigombane na mkandarasi. Mara nyingine yeye mwenyewe anadai kaunti miezi mingi na atawaeleza mengi kuliko ofisi.

Makueni wamefika mbali zaidi ya hapo. Wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti ilijenga mabaraza yanayoanzia kijijini na kupanda ngazi hadi wadi na kaunti, na kila mradi ukawa na kamati ya wananchi inayochaguliwa na wenyeji. Mkandarasi alihitaji saini ya kamati hiyo kabla ya kulipwa. Kumbuka haya yalikuwa Makueni ile ile ambako mvutano wa gavana na wawakilishi wadi ulifika mahali pa tume ya uchunguzi kupendekeza kaunti ivunjwe mwaka 2015, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuivunja. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "kaunti yetu ina siasa nyingi, haiwezekani." Uliza kama mradi wenu una kamati, ilichaguliwa lini, na nani anasaini. Kama hakuna, liombe hilo kwenye maoni yenu ya Septemba.

Hatua ya 7: Soma ripoti mbili tu

Ya kwanza ni ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi inayoongozwa na Margaret Nyakang'o, inayoidhinisha kila shilingi inayotoka kwenye akaunti za kaunti. Hutolewa kila robo mwaka. Nenda moja kwa moja kwenye sura ya kaunti yako na uangalie mambo mawili: fedha za maendeleo zilizotumika ikilinganishwa na zilizotengwa, na madeni ya wakandarasi. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Ukiona robo tatu za mwaka zimepita na maendeleo hayajagusa nusu, wakati safari na posho zimeshamaliza fungu lao, umepata swali la mkutano ujao.

Ya pili ni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu. Kila kaunti ina ripoti ya serikali ya gavana na nyingine ya bunge la kaunti, mbali na zile za hazina maalum. Isome na ya bunge. Wanaomsimamia gavana nao wana wa kuwasimamia. Usikwame kwenye neno la jumla, kama hesabu ni safi au zina dosari. Shuka hadi kwenye aya zinazotaja miradi iliyokwama kwa majina. Wakaguzi hutembelea maeneo, na zahanati yenu inaweza kuwa imeandikwa humo kwa jina, na kiasi kilicholipwa pembeni.

Hatua ya 8: Peleka hati ya malalamiko

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliandikia bunge la kaunti lifanye jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Pitisha kwa karani wa bunge. Hati iseme mnachotaka (kwa mfano, kamati ya afya izuru eneo na kumhoji afisa mkuu), mmeshajaribu kwa nani na lini, na kama jambo liko mahakamani. Ambatisha barua zenye muhuri, picha, na ukurasa wa ripoti ya mkaguzi. Majina, nambari za kitambulisho na saini zifuate. Mpe mwakilishi wadi wenu nakala kabla ya kuiwasilisha, ili asipate kisingizio cha kusema aliviziwa. Wengine huikumbatia na kuifanya yao. Waache.

Mkiona dalili za wizi, hilo ni la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambako unaweza kuripoti bila kutaja jina. Mwenye taarifa za ndani asisaini hati ya wote. Atumie njia hiyo.

Na kumng'oa gavana? Bunge la kaunti linahitaji thuluthi mbili ya wawakilishi, kisha Seneti iamue. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondoka hivyo Januari 2020, na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huo huo. Ni vita vya waheshimiwa wenyewe na mara nyingi havihusiani na zahanati yako, kwa hiyo usivitegemee.

Hatua ya 9: Geuza faili kuwa kura

Uchaguzi mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Kama hujasajiliwa, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako na kitambulisho au pasipoti. Kama umehama, hamisha kituo mapema. Usajili na uhamisho husimama uchaguzi unapokaribia.

Mwaka 2022 waliosajiliwa walikuwa takriban milioni 22.1, na wadi ni 1,450. Gawanya: kama wapiga kura 15,000 kwa wadi. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65. Wagombea wakiwa sita au saba, mtu huingia bunge la kaunti kwa kura elfu chache. Watu 300 wanaokubaliana juu ya swali moja wana uzito kwenye wadi, hata kama kwenye kura ya rais hawaonekani.

Mwalikeni kila mgombea wa wadi kwenye kikao chenu, siku tofauti tofauti, msikae chini ya mabango ya mtu. Muonyesheni faili. Aliyekuwa ofisini aulizwe alivyopiga kura siku ile bajeti ya ziada ilipokata zahanati. Kumbukumbu za vikao vya bunge ni za umma, mzisome kabla hajafika. Mgeni aulizwe atakaa kamati gani na ataanza na hati ipi. Akiwaahidi kujenga zahanati kwa pesa zake, muulizeni tena kazi ya mwakilishi wadi ni ipi. Majibu yaandikwe, asaini, yabandikwe sokoni.

Siku ya kura, matokeo ya kituo hubandikwa hapo hapo kituoni: fomu 36A ya mwakilishi wadi, 37A ya gavana. Zipigeni picha zote mbili na mzitunze.

Halafu msitawanyike. Baada ya kiapo, serikali mpya huandaa CIDP mpya ya miaka mitano, na vikao vyake hufanyika wakati watu bado wamechoka na kampeni na viti viko vitupu. Kundi lenu liwe limeshaandika maoni yake kabla ya kikao cha kwanza kutangazwa, zahanati ikiwa ukurasa wa kwanza, na nakala mbili za kugongwa muhuri.